Injini imefunguliwa bure, kumbe kilichopasuka ni fleksipleti

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni haya kusema hivyo. Gari langu la gia otomatiki lilianza kutoa mlio mkavu wa chuma kugonga chuma, mlio uliosikika zaidi nikiwa nimesimama bila kukanyaga mafuta, na uliobadilika kila nilipotoa gia kwenye P na kuiweka D. Fundi alisikiliza kwa muda usiofika dakika moja, akatamka kwamba beringi za konrodi (mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) zimekwisha, na injini ikafunguliwa yote. Beringi zilitoka nzima. Alipofunga na kuwasha, mlio ukawa ule ule.

Fleksipleti ni sahani nyembamba ya chuma inayounganisha krankishafti na tokikonveta (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), na ukingoni ina meno yanayoshikwa na stata, ile mota ya kuwashia injini. Ikipasuka, mlio wake hufanana mno na wa konrodi, na ndiyo sababu fundi makini, kabla hajagusa injini, hufungua kifuniko kidogo kilicho chini ya giaboksi, akamulika tochi na kuzungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele, akikagua nyufa, meno yaliyolika na bolti za tokikonveta zilizolegea. Wangu hakufanya hata moja kati ya hayo.

Hatimaye alishusha giaboksi. Ufa ulikuwa umezunguka bolti za katikati karibu duara zima, na kando yake kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, dalili kwamba chuma kilikuwa kikisagana kwa muda mrefu. Akafunga pleti mpya, nayo ikapasuka baada ya miezi michache, mahali pale pale!

Fundi wa pili ndiye aliyegundua kwamba zile pini mbili za kulenganisha giaboksi na injini hazikurudishwa, hivyo pleti ilikuwa ikipindwa kila injini inapozunguka. Alifunga pini, akaweka bolti mpya za krankishafti, akazikaza kwa spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza), na akahakikisha tokikonveta imezama kabisa kwenye pampu ya giaboksi ili giaboksi ikutane na injini kwa kusukumwa na mikono tu, bila kuvutwa kwa bolti.

Nimemtaka fundi wa kwanza anirudishie gharama za kazi zote mbili. Anajibu kwamba pleti za siku hizi ni dhaifu. Hii iliyomo sasa ni ya aina ile ile aliyoifunga yeye, na mlio umekoma.