Mfungo wa siku tatu na kazi ya kubeba magunia: nifungeje, niombeje?

Mpakiaji_Shimanzi

Bwana Yesu asifiwe. Kanisani tumetangaziwa mfungo wa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, tumalizie na kesha. Wengi wanasema ufungwe mkavu kama wa Esta, hata maji usinywe. Kazi yangu ni kupakia magunia godauni, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na joto la kaskazi mnalijua. Naomba wenye ujuzi mnielekeze: mfungo gani unamfaa mtu wa kazi hii, niombeje ili siku isipite kwa njaa tupu, na nifungueje. Tena mamangu anatumia dawa za sukari naye ataka kufunga nasi.

Mwalimu_Kisauni

Amina, ndugu. Tuanze na Esta, maana ndiye hutajwa kila mfungo mkavu unapotangazwa. Esta 4:16 ni siku tatu, usiku na mchana, bila kula wala kunywa, na wakati huo Wayahudi wa milki nzima walikuwa wameshapigiwa mbiu ya kuangamizwa. Ulikuwa mfungo wa hatari ile. Hakuna mahali Maandiko yanapougeuza kuwa kipimo cha kila Mkristo. Danieli 10:2-3 yeye aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu, na huko pia ni kufunga. Waamuzi 20:26, Israeli walifunga hata jioni. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba ukinywa maji au ukila usiku umevunja.

Kwa kazi yako ningefunga chakula kuanzia alfajiri hadi jua lizame, maji nikinywa, siku zote tatu. Hapa kwetu mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, na ni mfungo ambao mbeba magunia anaweza kuumaliza akiwa bado ana nguvu za kuomba. Hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa. Atakayefunga kavu akaanguka usingizini kila akipiga magoti, ameacha kula tu.

Sasa kuomba. Soma Danieli 9 kabla ya Jumatano, usome taratibu. Danieli anaanza na Neno: mstari wa 2 yumo katika kitabu cha Yeremia, anasoma habari ya ile miaka sabini. Ndipo anafunga. Sala yake ni mstari wa 4 hadi wa 19. Hesabu mwenyewe: toba inachukua mistari ya 5 hadi 15, na ombi lenyewe linakuja mstari wa 16. Sisi wengi hufanya kinyume, tunaingia na orodha ya haja, dakika kumi maneno yamekwisha, halafu tunarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mwenye kuanza na Neno hakosi la kusema, kwa sababu anamjibu Mungu aliyeanza kusema naye.

Jambo jingine: usiingie na mahitaji ishirini. Ezra 8:21-23, penye mto Ahava, walitangaza mfungo kwa haja moja, safari salama kwao, kwa watoto wao na kwa mali yao. Chagua mzigo mmoja, uuandike kwa sentensi moja. Ukishindwa kuuandika, bado hujajua unaomba nini.

Mwombezi_Mtwapa

Ninakubaliana na Mwalimu, ila nitaongeza kwamba siku tatu kamili kwa maji matupu pia zinawezekana kwa mwenye afya. Mtu wa kazi kama yako azifanye akiwa likizoni, si juu ya magunia.

Saa za maombi zipangwe kabla, la sivyo hazitapatikana. Kanuni ninayoifundisha: muda wa chakula ulichoacha ndio muda wa maombi. Saa saba wenzako wanapoelekea kwa mama wa chapati maharagwe, wewe tafuta kivuli na Biblia. Simu izime kabisa. Simu ndiyo inayokula nusu saa hiyo kwa wafungaji wengi, wanatoka hawajala na hawajaomba. Alfajiri amka saa kumi na nusu: zaburi moja kwa sauti, toba, shukrani, kisha mzigo wako. Omba umesimama au ukitembea chumbani. Anayeomba amelala kifudifudi saa hiyo, na tumbo liko tupu, atasinzia tu. Jioni kabla ya kufungua, dakika ishirini za kuwaombea wengine, kisha nyamaza kidogo. Daftari liwe karibu: tarehe, andiko, na neno lililokugusa, basi.

Kuhusu siri ya Mathayo 6, unawe uso, ujipake mafuta, usitembee umekunja sura. Lakini mkeo lazima ajue. 1 Wakorintho 7:5 inataka wenye ndoa wapatane wakijitenga kwa ajili ya kusali. Siri ya Mathayo ni ya kutotafuta sifa. Kumwacha mtu amekupikia samaki wa nazi halafu ukamsusia ni kumuumiza bure.

Na jamani, Isaya 58. Mstari wa 3 na wa 4 unawakemea watu wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao na kugombana. Siku ya pili mchana hasira huwa karibu sana, kwa hiyo magomvi na msimamizi au na kondakta wa matatu yatakuja, jiandae nayo. Halafu pesa ya chakula cha mchana uliyookoa usiiweke mfukoni. Mstari wa 7 unasema umgawie mwenye njaa. Ipeleke siku hiyohiyo.

Usitarajie pia kwamba Ijumaa jioni jibu litakuwa mlangoni. Nehemia alianza kuomba mwezi wa Kisleu na mlango wa mfalme ukafunguka Nisani, kama miezi minne. Daudi katika 2 Samweli 12 alifunga siku saba na mtoto akafa, naye akaoga, akaenda kuabudu, ndipo akala. Kufunga hakumlazimishi Mungu.

Muuguzi_Changamwe

Upande wa mwili. Kavu kwa kazi ya jua na jasho, hapana. Unyevu wa hewa hapa pwani unazuia jasho kukauka, mwili haupoi, unazidi kupoteza maji. Kunywa lita tatu au zaidi kwa siku, glasi baada ya glasi, usimeze lita nzima kwa mkupuo. Jasho hutoka na chumvi, kwa hiyo maji matupu peke yake hayatoshi mchana kutwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, visirundikwe. Kama dhamiri inakataa sukari mchana, inywe usiku. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza mara nyingi ni ya kukosa chai au kahawa. Anza kupunguza siku tatu nne kabla. Kizunguzungu ukiinuka, kaa chini. Moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kuzimia: mfungo umeisha, uende hospitali.

Kufungua jioni: papai au uji mwepesi wa wimbi, nusu bakuli, ngoja kama nusu saa, kisha chakula cha kawaida kwa kiasi. Viazi karai na achari juu ya tumbo tupu ni kiungulia cha usiku kucha. Waliokaa siku tatu kwa maji tu wakae na vyakula laini siku nzima ya kwanza. Wenye vidonda vya tumbo, wajawazito na wanaonyonyesha wafunge kitu kingine. Dawa za TB na ARV hazirukwi hata dozi moja.

Mama: dawa kama glibenclamide na insulini hushusha sukari hata kama hajala, na ikishuka sana anaweza kupoteza fahamu. Asifunge chakula bila daktari wake kumwangalia.

Mpakiaji_Shimanzi

Nimewaelewa, Mungu awabariki. Mama atajisikia ametengwa. Aungane nasi vipi? Na kesha, niende baada ya kazi?

Mwombezi_Mtwapa

Mama ale kwa saa zake za dawa, lakini aache vitamu na nyama kama Danieli, na azime redio na runinga siku hizo tatu. Mpe saa saba mchana iwe zamu yake, muombe mzigo mmoja kwa wakati mmoja, yeye nyumbani, wewe godauni. Kesha: fungua Magharibi, lala hadi saa nne usiku ndipo uende. Kama Jumamosi una zamu, ondoka saa saba usiku ukapumzike, na umwarifu kiongozi wa kesha mapema.