Mdogo wangu yuko selo tangu Ijumaa, chumba kilipekuliwa usiku bila hati. Nianzie wapi?

Fundi Majira: Habarini wakuu. Mdogo wangu ana kibanda cha kutengeneza simu. Ijumaa mida ya saa nne usiku walikuja askari wenye nguo za kiraia hapa tulipopanga, wakasema wanatafuta simu za wizi. Karatasi hawakuonyesha, mjumbe hakuitwa. Walipindua hadi godoro, wakabeba simu za wateja, kompyuta yangu isiyohusiana kabisa na kazi yake, na yeye mwenyewe. Hakuna tulichosaini. Leo Jumatatu bado yuko ndani. Chakula wanapokea, ila nikiulizia dhamana naambiwa mpelelezi hayupo. Hela ya wakili sina na mama presha imepanda. Nisaidieni.

Mzee wa Busati: Pole sana. Mambo ya katiba waachie wa vyuo vikuu. Mtafute huyo mpelelezi, ongea naye kiutu uzima, kijana atalala nyumbani leo.

Nyamaume: Mzee wa Busati, "kiutu uzima" ndiyo rushwa hiyo, na anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Unataka wawe wawili ndani?

Fundi, Ibara ya 15 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara ya 16 inalinda maskani ya mtu na mawasiliano yake ya binafsi. Utaratibu wenyewe uko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Upekuzi unataka hati, na kwa kawaida hati hiyo hutumika kati ya macheo na machweo. Usiku mpaka mahakama iruhusu. Vitu vikichukuliwa, mwenye nyumba apewe stakabadhi yenye orodha, isainiwe na yeye na mashahidi. Ninyi hamna hata kimoja.

Afande Mstaafu: Nimevaa magwanda miaka mingi, niongeze kidogo. Hati si lazima itoke kwa hakimu, mkuu wa kituo anaweza kuiandika. Tena sheria inaruhusu kupekua bila hati kukiwa na dharura ya kweli, mfano ushahidi unakaribia kupotezwa. Kwa hiyo usiende pale kufoka kwamba wamevunja Katiba, watakujibu "ilikuwa dharura" na mazungumzo yameisha. Hoja hiyo mtunzie hakimu. Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu kwa sababu upekuzi ulikuwa wa bila hati na dharura haikuonekana. Sisi wenyewe tulikuwa tunaonywa kazini: kupekua bila shahidi huru ni kujiharibia kesi.

Leo shughulika na dhamana tu. Achana na mpelelezi, muone mkuu wa kituo. Uliza kosa ni lipi na faili limefunguliwa kwa namba gani.

Fundi Majira: Asante mzee wangu. Kwani saa 24 zikipita si lazima wamwachie?

Nyamaume: Hapo wengi hukosea. Mlango haujifungui wenyewe. Kwa makosa ya kawaida, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, polisi wanatakiwa kumpa dhamana. Makosa kama mauaji, uhaini au utakatishaji fedha yana njia yake, hayo dhamana imefungwa. Ndiyo maana kujua kosa ni jambo la kwanza. Wakigoma kabisa, yanapelekwa maombi Mahakama Kuu ili polisi waamriwe kumleta na kueleza wanamshikilia kwa sheria gani. Na mahakama zetu si za kudharau kihivyo: mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu cha sheria kilichonyima dhamana kwa sababu kilipingana na Katiba.

Mama Tausi: Mwambie mdogo wako asisaini maelezo asiyoyaelewa. Ana haki ya kuwa na ndugu au wakili wakati anahojiwa, aiombe kwa mdomo wake. Kuhusu wakili, tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Wapo wasaidizi wa kisheria wilayani, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia bure. Mama naye mpimeni presha, msimsahau kwa pilikapilika.

Fundi Majira: Mrejesho wakuu. Mkuu wa kituo nimemuona. Kosa ni kupatikana na mali idhaniwayo kuwa ya wizi. Kasema nilete wadhamini wawili.

Afande Mstaafu: Kosa hilo lina dhamana. Wadhamini waje na vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, wawahi kabla ofisi ya mtendaji haijafungwa. Dhamana ni bure, ukiombwa hata hela ya karatasi kataa kwa adabu.

Fundi Majira: Na kompyuta yangu?

Nyamaume: Andika barua kwa mkuu wa kituo, ambatisha risiti uliyonunulia, omba ijulikane kama imeandikishwa kuwa kielelezo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama haimo kwenye orodha ya vielelezo, hawana sababu ya kuishikilia. Na simu za wateja ziorodheshe leo hii, kila moja na mwenyewe, maana hao wateja ndio mashahidi wa mdogo wako.

Mzee wa Busati: Haya, nimekaa kimya. Mdhamini wa pili kama hujapata, nicheki inbox, nina kitambulisho na kazi.