Mbunge wa kaunti (jimbo) hapa Uganda: mazishi na kwanjula (sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni) ni kazi yake ama tunamsumbua bure?

Mwana Mpaka
Niwaulize wenzangu, bila matusi. Juzi tulizika mzee mmoja kijijini, padri amemaliza ibada, kaburi liko wazi, tukaambiwa tungoje mheshimiwa yuko njiani. Tukangoja mpaka jua likatuchoma. Akafika na msafara, akapewa maiki kabla ya mtoto wa marehemu, akatoa bahasha, akaongea mambo ya barabara na stima, akaondoka kabla hata udongo haujarudi shimoni kwa sababu eti ana mazishi mengine na kwanjula jioni. Hii ndio kazi tuliyomtuma? Mi najua anatumwa kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuichunga serikali. Kuzika ni kwa ndugu na majirani.

Boda Mzoefu
Mbunge asiyekuja kuzika ni wa nini sasa? Bungeni mimi siendi, mlango wake sijui uko upande gani, ni hapa tu ndio namwona. Wanakaa kikao Jumanne mpaka Alhamisi, tena mchana, hizo siku zingine unataka alale Kampala? Na mileji ya kuja kwetu wanalipwa, kadiri kaunti ilivyo mbali. Wacha aje bwana.

Dada wa Hesabu
Kuja si shida. Shida ni bahasha. Mshahara huo huo mmoja unazika, unalipa karo za watoto wa watu, unanunulia kikundi cha mazishi viti na sufuria, unanunua mafuta ya ambulensi yenye picha yake. Na mfikirie mbunge mwanamke wa wilaya, mwenzake ana kaunti moja yeye ana wilaya nzima, kila msiba ni wake na mshahara ni ule ule. Ndio maana wanaishi kwa wakopeshaji. Alafu mwalimu mwenye akili nzuri asiye na pesa hawezi hata kuota kusimama, kwa sababu sisi wapiga kura tunapima mtu kwa mabugo, yaani rambirambi za pesa. Mtu aliyekopa ili akuzikie, hilo deni unadhani atalilipa kwa nini?

Afande Mstaafu
Vijana mnachanganya madaraka. Sherehe wilayani zina wenyewe. Tarehe 9 Oktoba ama 26 Januari anayesimama kwa niaba ya rais ni RDC, mwakilishi wake wilayani, na ndiye anasoma ile hotuba. Kiongozi wa kisiasa wa wilaya ni mwenyekiti wa LC5, baraza la wilaya. Mbunge pale ni mgeni wa heshima, anasalimia watu anakaa, lakini siku hizi kila mmoja anataka kuongea wa mwisho mpaka MC anatoka jasho. Na akikosa Bunge siku 15 bila ruhusa, kiti kinaenda. Katiba hiyo, si mimi.

Mtoto wa Kampala
Vikao 15 mzee wangu, si siku, na ni bila ruhusa ya maandishi ya Spika wakati Bunge linakaa mfululizo. Lakini nyinyi mnasahau haraka. 2021 walipewa milioni 200 kila mmoja za kununua gari, wabunge 529, piga hesabu. Hizo ndizo gari zinawatimulia vumbi makaburini na mnapiga vigelegele. Tatizo ni njaa ya kijijini, mtu akifa kitu cha kwanza mnauliza ng'ombe analeta nani.

Mama Sokoni
We mtoto wa Kampala hebu simama hapo hapo. Njaa?? Mtu akifa huku sisi ndio tunaamka alfajiri kuteka maji, tunamenya ndizi, tunakesha na moshi machoni, na wengi wanaokula ni nyinyi mnaoshuka na basi mmevaa miwani ya jua. Wengine hata hamji. Mnatuma elfu ishirini kwa simu BILA YA KUTOA, ile ada ya ajenti, alafu mnaomba picha za kaburi. Mheshimiwa angalau kiatu chake kimekanyaga tope letu.

Boda Mzoefu
Hahaha mama umemmaliza. Bila ya kutoa 😂😂

Mtoto wa Kampala
Mama kwa heshima zote, mimi ya kutoa naweka kila mara. Na sikusema wewe. Unajua kodi ya nyumba Kampala ni shilingi ngapi? Mtu ana misiba ya kwao, ya kwa mke, ya kazini, kila kikundi cha simu kina katibu anaandika majina ya waliotoa na wasiotoa kama rejista ya shule.

Mama Sokoni
Hata mheshimiwa ana misiba mingi na anafika.

Mwana Mpaka
Jamani turudi kwa swali, kwani akifika anafanya nini ambacho

Dereva wa Malaba
Mi nimecheka hiyo ya kutoa lakini ni uchungu wa kweli. Unatumiwa pesa ya jeneza, ukifika kwa ajenti inakatwa, unaanza kupunguza bei na seremala huku maiti iko mochari. Hiyo kodi ya pesa za simu ililetwa na nani si hao hao?

Dada wa Hesabu
Asante! 2018 Bunge lilipitisha asilimia 1, watu wakaandamana Kampala mwezi wa saba, baadaye ikashuka ikawa asilimia 0.5 kwenye kutoa. Kwa hiyo kila mchango wa msiba unaopita kwa simu, ukitolewa kwa ajenti serikali inapata chake, juu ya ada ya kampuni. Mtu aliyekaa kwenye hicho kikao anakuja kwenye msiba wako na bahasha na wewe unamshukuru.

Mtoto wa Kampala
Sasa si ndio nilikua nasema.

Mama Sokoni
Hukusema hivyo. Ulisema njaa.

Afande Mstaafu
Kulikuwa na ule mfuko wa maendeleo ya majimbo, walianza 2005, milioni 10 kwa mbunge kwa mwaka. Watu wakauliza zimekwenda wapi, mfuko ukaondolewa. Tangu hapo wananchi wanaidai mfukoni mwake.

Dereva wa Malaba
Milioni 10 kaunti nzima afande, hata vyoo vya shule moja haviishi. Ng'ambo ya mpaka Kenya mbunge ana NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo, unaona darasa limejengwa limeandikwa. Na Julai 2024 Ruto alitangaza viongozi wa serikali wasiende tena harambee, baada ya vijana kuwasha moto Juni.

Boda Mzoefu
Na harambee zimeisha?

Dereva wa Malaba
Mi naendesha lori, sikai nikihesabu harambee za watu.

Boda Mzoefu
Basi. Pesa ya mkubwa haikataliwi, ikikatazwa mchana inakuja usiku. Tena afadhali msibani, yuko mbele yangu namwuliza hiyo kodi alipigia kura vipi.

Mwana Mpaka
Nani aliwahi kumwuliza?? Taja msiba mmoja. Maiki iko kwa MC, MC alikua kwenye kampeni yake, na ukisimama kuuliza unaambiwa heshimu marehemu. Yeye anapiga siasa juu ya jeneza, sawa, wewe ukiuliza umekosa adabu.

Mama Sokoni
Kwenye hiyo nakubaliana nawe kaka. Lakini usiseme asije. Tenti tuliyokaa kwenye msiba wetu sisi ni yake, mvua ingetupata.

Dada wa Hesabu
Dada yangu, tenti yenye uso wake na jina la kiti chake. Sheria ya uchaguzi wa wabunge ya 2005 ina kifungu cha hongo, na kuna viti vimefutwa mahakamani kwa zawadi za namna hiyo.

Afande Mstaafu
Mpaka uthibitishe nia ya kununua kura. Hakimu hafuti kiti kwa tenti.

Boda Mzoefu
Hiyo tenti ikirudishwa tutakaa chini ya madigirii yenu?

Mama Sokoni
Na viti? Viti hamsini alitoa, nimevihesabu mimi kama mweka hazina wa kikundi cha mazishi, sasa vipo thelathini na kitu. Havikuibwa na mbunge. Vimekwenda kwenye kwanjula ya mtu aliye humu humu na anajijua.

Dereva wa Malaba
Mama usiniangalie.

Mama Sokoni
Sijataja jina la mtu.

Dereva wa Malaba
Nilirudisha vyote, vilivyobaki vilivunjika, watu wa upande wa bibi harusi ni wazito. Nitalipa mwisho wa mwezi.

Mtoto wa Kampala
Lipa kwa simu, na uweke ya kutoa.