Mrejesho: drili za betri, nimeshachukua

Wakuu, niliuliza nichukue Makita, DeWalt au ile ya bei chee kwa kazi ya madirisha ya alumini hapa Dodoma, ahsanteni sana kwa ushauri. Nimechukua Makita ya 18V, mota isiyo na brashi za kaboni (brushless), na naipenda kwa kweli.

Ila msibabaishwe na namba jamani, 20V Max ya DeWalt na 18V ni kitu kilekile, zote zina seli 5 (vibetri vya ndani) zilizoungwa kwa mfululizo, betri ikijaa tu ndo inasoma 20. Angalia Ah (kiasi cha umeme betri inachobeba) na kama betri hiyohiyo inaingia kwenye grainda, maana betri ndo hela yenyewe.

Saiti za Ihumwa vumbi balaa, kila jioni napuliza mota, betri ikiwa ya moto sichaji mpaka ipoe. Kutoboa linta za zege bado natumia drili ya waya.