Poka ya kirafiki: mkwara wangu unafuatwa kila mara, nakosea wapi?

Kizibo Mia

Wakuu, salaam. Tunacheza poka ya Texas Hold'em (karata mbili za siri mkononi, tano za wote mezani), watu sita mezani, kwa vizibo vya soda. Kila mtu anaanza na vizibo 200. Dau dogo la lazima 1, kubwa 2. Mpangilio wa ushindi naujua, ninachoshindwa ni kupiga mkwara (kuweka dau bila karata nzuri ili wengine watupe) na kumsoma mtu. Nikiweka dau bila kitu, hakosekani wa kufuata. Nikiwa na kitu, wote wanatupa.

Mgao wa mfano ni huu. Nilikuwa mgawaji, nina jeki na kumi, zote za uru. Mmoja mbele yangu aliingia kwa 2, nikapandisha hadi 6. Mwenye dau dogo akatupa, mwenye dau kubwa akafuata, na yule wa mbele naye akafuata. Fungu, yaani vizibo vilivyowekwa katikati, 19. Zikafunguliwa kingi ya kopa, nane ya kopa, nne ya pau. Wakapita bila kuweka dau, nikaweka 10, wote wakafuata. Fungu 49. Karata ya nne, mbili ya pau: tukapita wote watatu. Ya tano, tisa ya kopa. Wakapita, nikaweka 40 nionekane nimepata flashi, karata tano za aina moja. Wa kwanza akatupa, wa pili akawaza kidogo, akafuata kwa kingi na saba. Kosa ni kiasi cha dau, ni uso wangu, au ni kumchagua mtu?

Shupaza Nyeusi

Mkuu, uso wako hauhusiki hapa. Dau la mwisho lilisimulia habari ambayo ulishaikana mwenyewe kwenye karata ya nne.

Tuanze na hesabu. Chukua dau lako, ligawe kwa jumla ya dau na fungu. Kwako ni 40 kwa 89, karibu asilimia 45. Maana yake mkwara huo unatakiwa ufanikiwe mara 45 katika 100 ndipo usile hasara. Na kufanikiwa ni watupe wote wawili. Ili wawili watupe pamoja mara 45, kila mmoja peke yake atupe kama mara 67, yaani mara mbili katika kila tatu. Kwenye meza ya marafiki wanaocheza kwa vizibo watu wawili wa aina hiyo hawakai pamoja. Kariri hivi: dau la theluthi ya fungu lifanikiwe mara 1 katika 4, la nusu ya fungu mara 1 katika 3, la fungu zima mara 1 katika 2. Halafu kila unapoongezeka mtu, mambo yanaporomoka. Watu wanaotupa mara 60 kwa 100, wakiwa wawili watatupa pamoja mara 36, wakiwa watatu mara 21 au 22. Ndiyo maana mkwara ni wa mtu mmoja, wawili kwa nadra, watatu usithubutu.

Sasa habari yenyewe. Weka macho yako kwenye kiti cha mwenye kingi. Alipopita wewe ukaweka 10, akafuata. Karata ya nne ukapita. Hapo alikuondoa kwenye kundi la wenye kingi kubwa kuliko yake, kwa sababu mwenye ree na kingi asingeziachia kopa mbili zitembee bure. Ukabaki mtu wa makundi mawili: aliyekuwa akisubiri kopa, au asiye na kitu. Karata mbili ambazo zote ni kopa ni chache. Karata zilizokosa ni nyingi, maana karata mbili zisizo jozi hukosa tatu za mwanzo karibu mara 2 katika 3. Kisha ukamwomba alipe 40 apate 89. Anatakiwa awe sahihi mara 31 tu kwa 100. Alifanya sawa kufuata, hata kama hakupiga hesabu.

Kwa karata zile, tatu za mwanzo zilipofunguka ungepita. Watu wawili, kingi mezani, huna jozi, huna unachosubiri cha maana. Ukitaka kuiwakilisha flashi, tafuta mgao ambao *wewe* umeshika ree ya kopa na karata nyingine yoyote nyeusi. Kopa ya tatu ikianguka mezani, unajua kwa yakini kwamba hakuna mwenye flashi ya ree. Mwenye flashi ndogo anaogopa, mwenye kingi anaogopa zaidi. Lakini uwe umeanza kusimulia mapema: weka dau kwenye tatu za mwanzo, weka tena kwenye ya nne, 30 hivi katika 49, ndipo dau la mwisho liaminike.

Kuna mkwara wa aina nyingine ambao kwa anayejifunza ndio wa kwanza kuuzoea: mkwara wenye akiba, yaani huna kitu sasa lakini karata ijayo inaweza kukupa. Una kopa mbili mkononi, mbili mezani, imefunguka ya nne na bado hujapata. Zimebaki kopa 9 katika karata 46 usizoziona, karibu asilimia 20. Fungu 50, unaweka 30. Kama huna akiba, ungehitaji mtu atupe mara 37 au 38 kwa 100. Kwa akiba ile, hata tusipohesabu vizibo utakavyovuna baadaye ukiipata, inatosha atupe mara 15. Mfululizo (karata tano zinazofuatana) unaokosa karata moja na ulio wazi pande zote mbili una karata 8 za kukuokoa, nao haupungui sana. Wenye pengo katikati una 4 tu, huo usiutegemee.

Macho Mezani

Shupaza kamaliza upande wa hesabu. Mimi nijibu la kumsoma mtu, maana wengi hutafuta uso na uso ndio sehemu ambayo kila mtu anailinda. Mikono hailindwi.

Kwanza mjue mtu akiwa ametulia: anashikaje vizibo, anaongea kiasi gani, anaketi vipi asipokuwa na la kupoteza. Saa nzima ya kwanza itumie hivyo. Dalili ni *kubadilika* kwake. Msemaji akinyamaza ghafla, mkimya akaanza kuuliza habari za mpira, hapo kuna kitu.

Zikifunguliwa tatu za mwanzo, usiziangalie. Hazitakimbia. Waangalie watu kwa sekunde mbili zile. Aliyepata karata nzuri huziona, kisha jicho lake hushuka kwenye vizibo vyake, mara moja, halafu hutazama pembeni kana kwamba hajali. Aliyekosa huendelea kuzikodolea. Vilevile, usifungue karata zako mbili mpaka zamu yako ifike. Ukizifungua mapema unatoa habari na unakosa kuwaona wengine wakifungua zao. Walio kushoto kwako ndio wa kuchungwa, kwa sababu wanacheza baada yako. Wapo ambao karata zikishafunguliwa tayari wamezishika kwa vidole viwili, ziko hewani nusu, zinangoja kutupwa. Ukiwaona wawili wa hivyo, kupandisha kwako ni karibu bure.

Mkono unaotetemeka wakati wa kusukuma vizibo mara nyingi humaanisha karata nzuri sana, si woga. Mwili umekuwa umejibana, umeachia. Watu hulisoma hili kinyume, wanafuata, wanaumia. Vivyo hivyo anayeshusha pumzi, akainua mabega na kusema "haya basi, naongeza tu": mtupie karata zako. Anayejifanya mnyonge ana nguvu, na anayekutumbulia macho au kuwahi kushika vizibo vyake kabla hujaweka dau anajaribu kukuzuia, huyo ndiye dhaifu.

Zikianguka kopa tatu mezani na mtu akainua tena pembe za karata zake kutazama, mara nyingi bado hana flashi. Mwenye kopa mbili anakumbuka. Mwenye ree nyeusi na jeki nyekundu ndiye asiyekumbuka jeki ile ilikuwa kopa au uru.

Muda nao unasema. Anayefuata papo hapo ana karata za wastani au anasubiri kitu: nzuri kiasi cha kutotupa, si nzuri kiasi cha kuwaza kupandisha. Huyo anaweza kuondolewa kwa dau la pili. Aliyetulia, akawaza, kisha akapandisha karata ya mwisho, mwamini. Katika michezo ya kirafiki kupandisha kwenye karata ya mwisho ni ukweli mtupu karibu kila mara, hasa kwa mtu aliyekuwa mpole jioni nzima.

Jambo moja likionekana mara moja halitoshi. Subiri karata zifunuliwe, linganisha na ulichokiona, ukipata mara tatu ndipo uweke vizibo vyako juu yake.

Kizibo Mia

Asanteni sana, nimeelewa kwamba karata ya nne ndiyo iliniumbua. Bado mawili. Pale mezani kuna wawili ambao hawatupi kabisa, hata jozi ndogo ya nne na nne watafika nayo mwisho. Na mimi mwenyewe nazifichaje dalili zangu?

Changa Gawa

Wale wawili usiwapigie mkwara hata siku moja. Hakuna dau la kumtisha mtu ambaye hana anachopoteza. Kwao weka dau ukiwa na karata, tena kubwa: jozi ya karata kubwa kuliko zote za mezani, na ree pembeni, weka theluthi mbili ya fungu kwenye tatu za mwanzo, theluthi mbili kwenye ya nne, na nusu kwenye ya mwisho. Watafuata zote. Mkwara wako uuhifadhi kwa wale wanaohesabu vizibo vyao, wanaovipanga kwa minara na kuona uchungu mnara ukipungua.

Ila tazama na meza yenyewe. Kizibo ambacho mtu anakizoa tena kwenye ndoo akiishiwa hakina thamani, na pasipo thamani mkwara unakufa. Wekeni utaratibu: vizibo 200, ukiishiwa umetoka. Madau ya lazima yapande kila dakika 20, kutoka 1 na 2 kwenda 2 na 4, 3 na 6, 5 na 10, 10 na 20. Wa kwanza kutoka anaosha vyombo, wa pili anakwenda dukani. Hamjaweka hata shilingi, na utaona watu wanaanza kufikiri kabla ya kufuata. Ikifika 10 na 20, mwenye vizibo 150 ana madau makubwa saba na nusu tu. Huyo akimwaga vyote kabla ya karata za mezani huo ndio mkwara wake wa mwisho wenye makali. Akingoja mpaka abaki na 40, mwenye dau kubwa atamfuata kwa karata yoyote, kwa sababu nyongeza ya 20 ili ashinde 70 ni rahisi mno.

Nadhani tabia ya kutotupa inatoka kwenye michezo yetu ya turufu. Mtu aliyekulia humo anajua karata lazima ionekane ndipo ishinde. Kwenye poka fungu linaweza kwenda kwa mtu ambaye hakufunua hata moja, na hilo humchukua mtu muda kulizoea.

Kuhusu kujificha: usijaribu kuigiza, fanya kila kitu kwa namna moja. Kila zamu yako hesabu moyoni mpaka nne, uwe na ree mbili au takataka. Sukuma vizibo kwa mkono uleule, kwa mwendo mmoja, taja idadi, kisha tazama sehemu moja ya meza mpaka mwingine aamue. Na kiasi cha dau kiwe kilekile kwa nguvu na kwa mkwara. Umesema ukiwa na kitu wote wanatupa. Chunguza kama huwa unaweka 30 ukiwa nacho na 10 ukiwa huna. Kwenye fungu la 19 ile 10 ilikuwa kama nusu. Ukiweka 13 kila mara hawatakuwa na cha kulinganisha.

Macho Mezani

Niongeze mambo ya adabu, kwa sababu mkwara na ulaghai vinachanganywa na urafiki unaharibika. Kuweka dau bila karata ni sehemu ya mchezo. Kuficha vizibo nyuma ya kiganja ili mtu asijue umebakiza vingapi, kusema "nafuata 10" kisha ukarudi tena "na 20 juu", au kujifanya unatupa nje ya zamu yako umwone wa pili atafanya nini, hayo si mkwara. Idadi ya kwanza uliyoitaja ndiyo dau lako. Anayeulizwa ana vingapi aviweke wazi vihesabiwe.

Na kagueni karata zenu. Pakiti ya karatasi ikishachezwa wiki kadhaa hupata kona zilizokunjika na madoa ya mafuta, na ree yenye kona iliyovunjika inajulikana na kila mtu isipokuwa mgeni. Chukueni za plastiki, pakiti mbili zenye migongo ya rangi tofauti: moja ikigawiwa, nyingine inachangwa. Kabla ya kuanza, zihesabiwe zote 52 mbele ya watu.