Fall Guy au Fear in the Night: ninunue ipi?

Mwanakivuli: Ndugu wanajukwaa, ninataka kununua diski moja ya filamu za noir, yaani filamu za zamani za uhalifu zenye giza na hofu, nami nimekwama kati ya hizi mbili. Zote ni za mwaka 1947, zote zimetokana na hadithi za Cornell Woolrich, na katika zote kijana anaogopa kwamba ameua mtu bila kukumbuka vizuri, huku shemeji yake akiwa polisi. Ipi inafaa?

Bi_Tausi: Ndugu Mwanakivuli, hujasema unanunua kwa ajili ya nani, wala kama picha za nakala hizo zimesafishwa upya. Mimi nachagua Fear in the Night. Fall Guy ya Monogram, kampuni ya filamu za bei nafuu, inaanza vizuri, kijana ametapakaa damu na kumbukumbu imemtoka, lakini hofu hiyo inaachwa ipoe, na fumbo linafumbuliwa kwa maelezo ya mdomo, jambo linalomvunja moyo mtazamaji aliyesubiri kwa uvumilivu.

Mzee_wa_Projekta: Swali la nakala ndilo kubwa. Fear in the Night haina tena hakimiliki nchini Marekani, hivyo yeyote anaweza kuiuza. Muuzaji mmoja aliniletea diski yenye jalada la kupendeza, nikawaalika majirani, lakini picha ilikuwa nyeusi kiasi kwamba chumba cha vioo, ambamo ndoto ya mauaji inatokea, hakikuonekana hata kidogo. Tulisikia sauti za watu wakipigana gizani, na waalikwa wakauliza nani amekufa. Nilipodai fedha zangu, muuzaji alijibu kwamba filamu za zamani ndivyo zilivyo. Si kweli!

Kinanda: Fall Guy inaonewa. Ni filamu ya kwanza ya Walter Mirisch kama mtayarishaji, na mwigizaji Elisha Cook Jr. yumo. Wakati ule tiketi moja ilimpa mtazamaji filamu mbili, na ile ndogo, kama hii, ilikodishwa kwa ada maalumu, si kwa asilimia ya mapato. Mtayarishaji angepata faida gani kwa kuupiga picha upya mwisho wake?

Bi_Tausi: Ufukara si udhuru, ndugu yangu. Mwongozaji Edgar G. Ulmer alitengeneza filamu ya Detour mwaka 1945 katika PRC, kampuni fukara vilevile, akauficha kwa ukungu mzito mtaa wa New York asioweza kuujenga, na ukungu huo ukawa sehemu ya huzuni ya mhusika.

Mwanakivuli: Nashukuru. Ni kwa ajili ya wanafunzi wangu wa uandishi, wajifunze jinsi fumbo linavyojengwa.

Kinanda: Basi Fall Guy itawafaa zaidi, kwa sababu wataona mahali hasa fumbo linapolegea.

Mzee_wa_Projekta: Kwa wanafunzi ningetafuta pia Nightmare ya 1956, ambamo Maxwell Shane aliiongoza upya hadithi yake ileile ya Fear in the Night, safari hii akiwa na mwigizaji Edward G. Robinson na mitaa ya New Orleans. Kuna mwenye nakala nzuri?