Nani ahesabu dakika za mchezaji wa raga wa timu ya taifa: kocha au mtu mwingine?

Mfuatiliaji

Ndugu wanaraga, nawasalimu. Kuna jambo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, na ningependa kusikia maoni ya wale waliocheza au kufundisha mchezo huu.

Usiku wa tarehe 21 Septemba 2023, mjini Marseille, Ufaransa ilikwenda mapumziko ikiongoza Namibia kwa pointi 54 kwa 0 katika Kombe la Dunia. Nahodha Antoine Dupont, mchezaji ambaye taifa zima lilimtegemea, alirudi uwanjani kipindi cha pili. Dakika chache baadaye Johan Deysel wa Namibia alimkabili akiwa amesimama wima mno, vichwa vikagongana, na Dupont akatoka akiwa amevunjika mfupa wa shavu. Deysel alionyeshwa kadi nyekundu, na mechi ikaisha 96 kwa 0. Dupont alifanyiwa upasuaji, akarejea tarehe 15 Oktoba akiwa amevaa kofia ya kinga kucheza robo fainali dhidi ya Afrika Kusini, ambayo Ufaransa iliipoteza kwa 29 kwa 28.

Kosa la kukabili vibaya lilikuwa la Deysel, hilo halina ubishi. Lakini aliyeamua kumrudisha Dupont uwanjani wakati mechi ilikuwa imekwisha kwa kila hali ni kocha Fabien Galthié, na lawama zilimwangukia yeye.

Najua kwamba vipo viwango. Katika ligi kuu ya Uingereza kwa misimu kadhaa mchezaji hakuruhusiwa kuzidisha mechi 35 kwa msimu, na mechi ilihesabiwa pale alipocheza dakika 20 au zaidi. Baadaye idadi hiyo ikashushwa hadi 30. Mwaka 2021 World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, kwa kushirikiana na chama cha kimataifa cha wachezaji, ilitoa mwongozo kwamba mazoezi ya kugongana kwa nguvu zote yasizidi dakika 15 kwa wiki, na yale ya kugongana kwa kiasi yasizidi dakika 40. Hata hivyo mwongozo si sheria, na anayeutekeleza ni yule yule anayetafuta ushindi wa Jumamosi.

Swali langu basi ni hili: je, kocha wa taifa, ambaye ajira yake inategemea matokeo, aendelee kuwa yeye anayehesabu dakika za mchezaji, au kazi hiyo apewe mtu mwingine mwenye mamlaka ya kumwambia hapana?

Flanka Mstaafu

Ndugu Mfuatiliaji, umeuliza jambo ambalo sisi tuliovaa jezi namba 7, yaani ya flanka, mchezaji wa pembeni mwa skramu, tulilijadili chumbani kwa sauti ya chini, kwa sababu ukilisema mbele ya kocha unaonekana umelegea. Naomba nikueleze wiki ya mchezaji ilivyo, maana hesabu ya mechi peke yake haionyeshi ukweli.

Nilicheza ngazi ya klabu, nikaitwa mara kadhaa kwenye kambi ya taifa. Jumapili baada ya mechi sikuweza kugeuza shingo; nikitaka kutazama kando, niligeuza mwili mzima. Jumatatu tulitazama video na kunyoosha viungo. Jumanne ndiyo iliyotuua. Tulifunga utepe vidoleni na kuzunguka masikio, kisha tukapangwa wanane kwa wanane, na kocha mmoja wa kambi, ambaye simtaji, akatuambia kwamba anayetaka nafasi ya Jumamosi aioneshe pale pale. Hakuna aliyejizuia. Nililivunja bega langu siku ya namna hiyo, tukiwa na fulana za mazoezi, bila refa na bila mtazamaji hata mmoja. Katika kumbukumbu za msimu ule nimeandikiwa kwamba sikucheza mechi wiki hiyo, yaani kwa mujibu wa hesabu nilikuwa nimepumzika.

Kwa hiyo mtu akiniambia mechi 30, namuuliza: na Jumanne ngapi?

Hayo hayakunipata peke yangu. Wakati Eddie Jones alipokuwa kocha wa Uingereza, flanka Sam Jones wa klabu ya Wasps alivunjika mguu katika zoezi la judo kwenye kambi ya taifa, Oktoba 2016. Hakuwa ameichezea Uingereza hata mechi moja, na hakucheza tena mechi yoyote. Mwaka 2018 akalazimika kustaafu. Mwaka huo huo wa 2018, propu (mchezaji mzito wa safu ya mbele) Beno Obano wa klabu ya Bath aliumia vibaya goti kambini, na mmiliki wa klabu yake, Bruce Craig, akajitokeza hadharani kulalamikia idadi ya wachezaji wanaoumizwa katika mazoezi ya taifa. Klabu ndiyo inayolipa mshahara mwezi baada ya mwezi, kisha inarudishiwa mchezaji akiwa na magongo. Sidai kwamba kocha yule aliwatakia mabaya vijana wake. Nadai kwamba hakuwepo mtu mle kambini ambaye kazi yake ilikuwa kulisimamisha zoezi.

Mchambuzi

Nimesoma kwa makini na nampa pole ndugu Flanka kwa bega lake. Lakini naona tunamwonea kocha, kwa sababu historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba akipumzisha wachezaji analaumiwa kama vile anavyolaumiwa akiwatumia.

Tuanze na usiku ule wa Marseille. Wiki moja kabla, Ufaransa ilicheza na Uruguay, na Dupont hakushuka uwanjani kabisa. Baada ya Namibia, mechi iliyofuata, dhidi ya Italia, ilikuwa tarehe 6 Oktoba, wiki mbili mbele. Kama angetolewa mapumziko, angeingia hatua ya mtoano akiwa na dakika chache mno miguuni. Skram-hafu kama Dupont, anayeutoa mpira nyuma ya mafowadi, huishi kwa kasi na kuelewana na wenzake, na mambo hayo hayapatikani kwa kukaa benchi. Uamuzi ulikuwa na mantiki, ingawa matokeo yake yalikuwa mabaya.

Sasa tazameni New Zealand mwaka 2007. Kocha Graham Henry na wenzake waliwatoa wachezaji 22 wa All Blacks, yaani timu ya taifa, katika raundi za mwanzo za Super 14, mashindano ya klabu za kusini mwa dunia, ili wajengwe upya kimwili, wafike Kombe la Dunia wakiwa wabichi. Klabu zililalamika, watazamaji wakalalamika, na watangazaji wa televisheni wakalalamika zaidi. Timu ikafika Cardiff ikiwa imepumzika vya kutosha, ikafungwa na Ufaransa 20 kwa 18 katika robo fainali. Nchi nzima ikasema kwamba mapumziko na mzunguko wa kikosi vimewanyima vijana makali. Chama cha raga kilimbakiza Henry, jambo ambalo lilizua mabishano makali, naye akatwaa kombe mwaka 2011. Ningependa tukumbuke kwamba karibu aondolewe kwa kosa la kuwahurumia wachezaji.

Na Julai 2025 yamejirudia kwa sura nyingine. Galthié alikwenda New Zealand bila nyota wake wengi, kwa sababu fainali ya ligi ya Ufaransa kati ya Toulouse na Bordeaux ilichezwa tarehe 28 Juni na kuingia muda wa ziada, na mechi ya kwanza dhidi ya All Blacks ilikuwa tarehe 5 Julai. Yule aliyeshutumiwa mwaka 2023 kwa kumchezesha mtu dakika chache za ziada alishutumiwa sasa kwamba ameudharau mchezo wa kimataifa kwa kuwapumzisha waliochoka. Alipoteza mechi zote tatu. Kalenda ndiyo yenye kosa, na kocha yuko mwisho wa mstari.

Propu wa Kushoto

Naongeza la upande wa kusini kwa kifupi. Tangu 2021 klabu kubwa za Afrika Kusini zinacheza katika United Rugby Championship, ligi ya pamoja na klabu za Ulaya, ambayo hufuata msimu wa kaskazini, lakini timu yao ya taifa kwa kawaida hucheza Rugby Championship, mashindano ya mataifa ya kusini, katika nusu ya pili ya mwaka pamoja na ziara ya Novemba. Mchezaji wa Springboks, yaani timu hiyo ya taifa, hana kipindi ambacho kwa hakika kinaweza kuitwa mwisho wa msimu, isipokuwa apangiwe likizo wakati wenzake wanacheza.

Kuhusu benchi la mafowadi 7 (watu wazito wa mbele) na beki mmoja (mkimbiaji wa nyuma) ambalo Rassie Erasmus na Jacques Nienaber, viongozi wa benchi la ufundi la Afrika Kusini, walilitumia mwaka 2023, likiwamo katika fainali waliyoishinda New Zealand 12 kwa 11, nimekuwa nikisikia kwamba ni hatari kwa sababu watu wazito wabichi wanaingia kuwagonga waliochoka. Mimi niliyekaa ndani ya skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanaposukumana, naona pia upande wa pili: propu aliyecheza dakika 45 badala ya 70 anaamka Jumapili akiwa mtu. Swali ni kama mpinzani naye ana propu wa kubadilisha mwenye uwezo huo, na mataifa mengi hayana.

Mtibamaungo

Nimefanya kazi pembeni mwa uwanja kwa miaka mingi, na nadhani jibu la swali la ndugu Mfuatiliaji tayari limo ndani ya mchezo wenyewe. Tumeshamnyang'anya kocha uamuzi mmoja mkubwa, nao ni uamuzi juu ya kichwa.

Tarehe 6 Februari 2015, Wales ikicheza na Uingereza mjini Cardiff, George North alipigwa kichwani mara mbili. Mara ya pili televisheni ilimwonyesha akiwa amelala bila kutikisika, lakini alirudi kucheza. Benchi la Wales lilieleza kwamba halikuuona mgongano ule, na mimi naamini, kwa sababu kutoka pembeni mtu huona migongo tu. Tangu hapo utaratibu umekazwa hatua kwa hatua: pembeni mwa uwanja yuko daktari asiyeajiriwa na timu yoyote, anatazama video, na akiona dalili za wazi mchezaji anatoka na harudi. Zoezi la kumpima mwenye dalili zisizo wazi lilianza kwa majaribio mwaka 2012 likiwa la dakika 5, na leo ni dakika 12. Kocha haulizwi. Miaka ya mwanzo makocha walinung'unika sana. Sasa hata wakali kati yao hukaa kimya mwenye koti la daktari anapoinua mkono.

Kwa nini basi Jumanne ya ndugu Flanka isiwe na mtu wa namna hiyo? Chombo kipo. Tangu Januari 2024 vikinga meno vyenye vihisi vimeingizwa katika utaratibu wa kupima vichwa kwenye mashindano makubwa. Kikinga hicho kinapima kichwa kimetikiswa kwa nguvu kiasi gani, na hakijui kama mchezaji yuko mbele ya watu 80,000 au kwenye uwanja wa mazoezi. Mchezaji akikivaa Jumanne, Jumanne itahesabiwa.

Naandika haya nikiwakumbuka waliotutangulia. Steve Thompson alikuwa huka, anayekaa katikati ya mapropu wawili, wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, naye amesema hadharani kwamba haikumbuki fainali ile. Yeye na wenzake, akiwamo Alix Popham wa Wales, walianza hatua za kisheria mwaka 2020 dhidi ya World Rugby na vyama vya Uingereza na Wales. Mengi wanayoyaeleza si ya siku za mechi, ni ya mazoezini: skramu baada ya skramu, wiki baada ya wiki. Hakuna aliyeyahesabu wakati ule, na ndiyo sababu leo ni vigumu kuyathibitisha.

Mfuatiliaji

Nawashukuru nyote. Nakiri kwamba nilikuja na Galthié mdomoni, na maelezo ya ndugu Mchambuzi kuhusu tarehe za mechi yamenifanya nipunguze ukali. Hoja ya Mtibamaungo ndiyo iliyonigusa zaidi, ila inaniachia wasiwasi mmoja. Takwimu za kikinga meno zitamilikiwa na nani? Klabu ikiziona, inaweza kuzitumia kumpunguzia mchezaji mkataba. Taifa likiziona, linaweza kumwacha kimya kimya. Na kuanzia 2026 kuna Nations Championship yenye mataifa 12, mechi za Julai na Novemba zikiwa na pointi za ubingwa, kisha mwaka 2027 Kombe la Dunia la Australia lenye timu 24. Makocha watapata wapi mechi ya kumpumzishia mtu?

Mtibamaungo

Ndugu, wasiwasi wako ni wa haki. Mfano bora ninaoujua ni Ireland, ambako chama cha raga kina mikataba ya moja kwa moja na wachezaji wakuu wa taifa na pia kinasimamia majimbo manne wanayochezea. Hapo hesabu ina mwenyewe mmoja: mchezaji akirudi kutoka kambi ya taifa, jimbo linaambiwa apumzike wiki gani, na linatii. Johnny Sexton alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na umri wa miaka 38, na sidhani kwamba angefika huko chini ya mfumo ambao klabu na taifa vinavutana kila upande. Mfumo huo haunakiliki kirahisi Ufaransa wala Uingereza, kwa kuwa klabu huko zina wamiliki wao. Kwa nchi hizo ningependekeza takwimu zikae kwa daktari asiye wa klabu wala wa taifa, makocha wapewe jibu la ndiyo au hapana tu, na chama cha wachezaji kiwe na haki ya kuzikagua.

Flanka Mstaafu

Nakubaliana na pendekezo hilo, na naongeza sharti moja: jibu likiwa hapana, kocha asiambiwe kwamba ni mchezaji aliyeomba. Jumanne ile niliyovunjika bega, mtaalamu wa viungo alikuwa ameniuliza asubuhi kama niko tayari. Kocha alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Nikajibu kwamba niko tayari kabisa.